Umar bin Abdulaziz na Islahi ya Taratibu

Umar bin Abdulaziz alishika ukhalifa mwaka 717. Alianza na nafsi yake na jamaa zake, Bani Umayya: mali iliyotwaliwa bila ya haki akairejesha kwa wenyewe na katika Baitulmali. Akawauzulu maliwali madhalimu, akakataza kutozwa jizya waliokwisha kusilimu. Husimuliwa kwamba mwanawe Abdulmalik alimhimiza aondoe maovu yote kwa mara moja. Baba akachelea kuwa watu wakitwishwa haki yote kwa pamoja, wataitupa yote. Akaona bora kila siku ahuishe jema na kufisha ovu. Alifariki mwaka 720. Mengi aliyoyatengeneza yaliachwa baada yake, lakini uadilifu waliokwisha kuuonja watu hawakuusahau.