Leo Kanner: Tabibu aliyefungua macho ya ulimwengu kuhusu usonji

MZAZI wa Kangeta, katika vilima vya Nyambene, Kaunti ya Meru, akigundua kwamba mwanawe wa miaka mitatu hasemi, haitiki anapoitwa jina na hushinda akizungusha kifuniko cha chupa peke yake, hupewa majibu mengi kabla hajamfikia daktari. Wapo watakaomwambia ni laana ya ukoo. Wapo watakaodai ni uchawi. Na wapo watakaomnyoshea mama kidole kwamba hakumlea mtoto ipasavyo.

Jibu la kitabibu, yaani usonji, lilitolewa mbali sana na Nyambene. Aliyelitoa ni Dkt Leo Kanner, mtu ambaye kwa miaka mingi maneno yake mwenyewe yalichangia kuwatwika wazazi lawama, kabla ya kusimama hadharani na kuwatua mzigo huo.

Kanner alizaliwa Juni 13, 1894 katika kijiji cha Klekotow, eneo la Galicia, lililokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungary na ambalo leo limo nchini Ukraine. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Ujanani alitamani kuwa mshairi, ila mashairi yake hayakupata mchapishaji, naye akaamua kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Berlin.

Masomo hayo yalikatizwa na Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo alitumikia jeshi la Austria na Hungary. Alihitimu mwaka wa 1921 na kufanya kazi Berlin, akichunguza mapigo ya moyo.

Mwaka wa 1924, Ujerumani ilipokuwa ikiyumba kiuchumi, alihamia Marekani pamoja na mkewe na binti yao. Alipata kazi katika hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili mjini Yankton, jimbo la South Dakota. Humo ndimo alimojifunza magonjwa ya akili, kwa kuwahudumia wagonjwa wenyewe.

Miaka minne baadaye alijiunga na Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, chini ya Profesa Adolf Meyer. Mwaka wa 1930 alikabidhiwa jukumu la kuanzisha kliniki ya magonjwa ya akili ya watoto katika hospitali hiyo. Mnamo 1935 alichapisha kitabu cha kwanza cha kiada katika lugha ya Kiingereza kuhusu taaluma hiyo.

Hata hivyo, kabla jina lake halijafungamana na usonji, Kanner alijulikana kwa kufichua uovu uliofanyiwa watu wenye ulemavu wa akili. Katika jimbo la Maryland palikuwa na taasisi ya serikali iliyoitwa Rosewood, iliyowahifadhi watoto na vijana wa aina hiyo. Wakili mmoja, kwa idhini ya jaji, alikuwa akiwatoa wasichana humo kwa amri za mahakama na kuwapeleka katika nyumba za matajiri wa Baltimore wakawe vijakazi wa bei rahisi.

Kanner na mwenzake walifuatilia hali ya watu 166 waliotolewa kwa njia hiyo. Waligundua kuwa wengi walifukuzwa na waajiri wao muda si muda, wakaishia katika ufukara, maradhi, ukahaba na jela. Ripoti hiyo, aliyoisoma mbele ya madaktari wenzake mwaka wa 1937, iligonga vichwa vya habari nchini humo.

Katika kipindi hicho hicho, utawala wa Wanazi ulikuwa ukiwafukuza na kuwatesa Wayahudi barani Ulaya. Kanner aliwasaidia madaktari wengi wa Kiyahudi kupata vibali na kazi nchini Marekani. Miongoni mwao alikuwa Georg Frankl, aliyekuwa amefanya kazi Vienna katika kliniki ya Hans Asperger, daktari mwingine ambaye jina lake lingekuja kuhusishwa na usonji.

Mnamo 1942, daktari mmoja mashuhuri nchini Marekani alipopendekeza kwamba watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili wauawe kwa kile alichokiona kuwa huruma, Kanner alimpinga waziwazi katika jarida la chama cha madaktari wa akili. Alishikilia kwamba watu hao wana nafasi katika jamii, na kwamba kazi nyingi zinazoitegemeza jamii hufanywa na watu wanaodharauliwa.

Safari yake kuelekea usonji ilianza Oktoba 1938, alipoletewa mvulana wa miaka mitano aliyeitwa Donald kutoka mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Baba yake, ambaye alikuwa wakili, alikuwa amemwandikia Kanner barua ya kurasa 33 kueleza tabia za mwanawe.

Mtoto huyo alikuwa na kumbukumbu ya ajabu na alipenda kuzungusha vyombo. Hata hivyo, aliwapita watu kana kwamba hawapo, akaudhika mno utaratibu wake wa kila siku ulipovurugwa. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu wazazi wake walikuwa wameshauriwa kumpeleka katika taasisi. Alikaa huko takriban mwaka mmoja, kisha wakamrudisha nyumbani dhidi ya ushauri wa daktari.

Kanner aliendelea kukusanya visa vya namna hiyo. Mwaka wa 1943 alichapisha makala iliyoeleza hali ya watoto 11, wavulana wanane na wasichana watatu. Alitumia neno ambalo daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, Eugen Bleuler, alikuwa amelibuni mwanzoni mwa karne ya 20 kuelezea wagonjwa waliojitenga na ulimwengu. Ila Kanner alisisitiza kwamba watoto hawa walizaliwa hivyo.

Ni haki kukumbuka kwamba hakuwa wa kwanza kabisa kuiona hali hii. Daktari Grunya Sukhareva wa Moscow alikuwa amechapisha maelezo ya watoto wanaofanana na hao katika miaka ya 1920. Lakini ni makala ya Kanner iliyoufanya ulimwengu wa tiba utambue kwamba usonji ni hali inayojitegemea.

Hapo ndipo palipozuka utata wa maisha yake. Katika makala hiyo hiyo alidokeza kwamba wazazi wengi wa watoto hao walikuwa wasomi wasioonyesha mapenzi ya dhati. Mnamo 1949 alikaza uzi, akawafananisha watoto hao na vitu vilivyowekwa ndani ya jokofu. Wengine waliidaka fikra hiyo na kuikuza. Bruno Bettelheim, kwa kitabu chake cha 1967, aliisambaza mbali zaidi.

Madhara yalikuwa makubwa. Mama aliyempeleka mtoto hospitalini kutafuta msaada alitibiwa yeye kama mgonjwa, huku mtoto akitengwa naye ili eti apone. Fedha na miaka mingi ilipotea katika kutafuta kosa la mzazi badala ya kumfundisha mtoto kuzungumza, kula na kuvaa.

Mnamo 1969, akiwa na umri wa miaka 75, Kanner alihudhuria mkutano wa chama cha kitaifa cha wazazi wa watoto wenye usonji jijini Washington. Mbele ya umati huo aliwaondolea wazazi lawama, akikumbusha kwamba tangu mwanzo alikuwa ameandika kuwa hali hii ni ya kuzaliwa nayo.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1971, alichapisha taarifa kuhusu yaliyowapata wale watoto 11. Waliokuwa wamefungiwa katika taasisi kubwa za serikali walikuwa wamedidimia, wakapoteza hata stadi chache walizokuwa nazo. Kanner alilinganisha kulazwa huko na kifungo cha maisha.

Donald alikuwa na bahati tofauti. Akiwa mtoto wa miaka tisa hivi alipelekwa kuishi na wakulima wawili, mume na mke, karibu na kwao. Wakulima hao walitumia yale aliyoyapenda. Kwa kuwa alikuwa na shauku ya kupima vitu, walimpa kazi ya kuchimba kisima na kuripoti kina chake. Kwa kuwa alipenda kuhesabu, walimwacha ahesabu mistari ya mahindi huku akilima. Baadaye alisoma hadi chuo kikuu, akafanya kazi benki, akaishi hadi mwaka wa 2023 alipofariki akiwa na umri wa miaka 89.

Kanner mwenyewe alifariki Aprili 3, 1981 katika jimbo la Maryland. Tangu mwaka wa 2008, Aprili 2 huadhimishwa kote duniani kuwa siku ya uhamasishaji kuhusu usonji.

Baada ya kifo chake, mjadala ulihamia kwenye swali la nani alipe. Mwaka wa 1987 Ole Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitangaza kwamba kati ya watoto 19 waliofunzwa kwa tiba ya tabia kwa takriban saa 40 kila wiki, tisa waliweza kusoma katika madarasa ya kawaida. Matokeo hayo yamekosolewa, kadhalika adhabu zilizotumiwa katika mafunzo hayo. Hata hivyo, yaliwapa wazazi hoja ya kudai huduma.

Nchini Canada, familia kadhaa za mkoa wa British Columbia ziliishtaki serikali zikitaka igharamie tiba hiyo. Zilishinda katika mahakama za chini, lakini Novemba 2004 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitengua ushindi huo. Iliamua kwamba katiba haikuilazimisha serikali kulipia tiba hiyo, na kwamba ni juu ya bunge kuamua huduma zitakazogharamiwa.

Kenya nayo ina historia yake. Mnamo 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu usonji alioufanya katika taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum vilianza mwaka wa 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, ikaundwa mwaka wa 1986 kutoa mafunzo kwa walimu. Mwaka wa 2003 wazazi waliunda Chama cha Usonji nchini, na kitengo cha watoto hao kikaanzishwa katika Shule ya Msingi ya City, Nairobi.

Lakini Nairobi iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kangeta. Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, na Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia shule na vifaa vinavyomfaa. Tatizo ni kwamba hospitali na shule za chekechea ziko chini ya kaunti, ilhali shule za msingi na walimu wake wako chini ya serikali kuu. Mtoto mwenye usonji anahitaji pande zote mbili kwa wakati mmoja, na kazi ya wengi haina mwenyewe.

Ni wazi kwamba saa 40 za mtaalamu kila wiki ni ndoto kwa kaunti iliyo na wataalamu wa kuhesabika. Ila ipo njia ya gharama nafuu. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeandaa mafunzo ya walezi yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, ambapo watu wasio wataalamu huandaliwa kumwelekeza mzazi jinsi ya kucheza, kuwasiliana na kumfunza mtoto stadi za kila siku. Mafunzo hayo yamefanyiwa utafiti nchini Kenya na Ethiopia.

Mafunzo hayo hayachukui nafasi ya shule wala daktari, na mzazi hapaswi kuachiwa kazi yote. Lakini wale wakulima wa Mississippi hawakuwa na shahada yoyote ya tiba. Walichokuwa nacho ni shamba, subira, na mtoto ambaye hawakumficha. Shamba na subira havikosekani Kangeta. Kinachosubiriwa ni fungu katika bajeti ya kaunti la kumlipa mhudumu atakayebisha hodi, pamoja na mwalimu wa serikali atakayempokea mtoto huyo darasani.