McMillan na Nyumba ya Simba Wawili

Ukishuka matatu namba 8 mjini, ukatembea hadi Banda Street, karibu na Msikiti wa Jamia utaona sanamu za simba wawili mbele ya jengo la nguzo kubwa. Hiyo ndiyo Maktaba ya McMillan. Nilianza kwenda nikiwa kidato cha kwanza, maana kwetu Kianda chumba ni kimoja na redio ya jirani haijui mtihani. Basi nikataka kujua huyu McMillan alikuwa nani.

William Northrup McMillan alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka wa 1872. Alikuwa tajiri, tena pande la mtu. Alifika Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, akawa na shamba kubwa kule Juja, kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe kabla yake. Mwaka wa 1909 alimkaribisha huko Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani akaja kuwinda. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka alipigana upande wa Waingereza, wakampa cheo cha Sir. Alifariki mwaka wa 1925, akazikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk. Kileleni hawakumfikisha, kaburi liko mteremkoni.

Mjane wake, Lucie, ndiye aliyeijenga maktaba kwa kumbukumbu yake, ikafunguliwa mwaka wa 1931. Lakini ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi 1958! Babu yangu angeingia mle na fagio tu, si na kitabu.

Kwa sababu hiyo, katika mdahalo wa chama chetu wenzangu walidai majengo ya aina hii yabomolewe, yajengwe maghorofa mapya yanayovuna mvua na jua. Walipigiwa makofi kweli kweli. Mimi nilisimama nikakosa maneno, kwa hivyo nayaandika hapa.

Saruji na chuma havipatikani bila moto mkali na moshi mwingi. Moshi wa jengo la McMillan ulikwisha kutoka zamani. Ghorofa jipya, hata liwe la kijani vipi, huanza na deni la moshi, na huchukua miaka mingi kulilipa. Isitoshe, paneli za jua na matangi ya mvua huweza kuwekwa hata kwenye jengo kuukuu, mradi kuta zake ni nzima. Sisi wa Kianda tunalijua jambo hili. Nyumba ikifumuliwa, mabati hayatupwi, mbao hazitupwi, hata misumari hunyooshwa kwa jiwe. Tuache mbachao kwa msala upitao? La hasha!

Na kazi imekwisha kuanza. Tangu 2018 shirika la Book Bunk, pamoja na Kaunti ya Nairobi, limeshughulikia ukarabati wa maktaba hii na matawi yake ya Kaloleni na Makadara.

Siku moja nilimpeleka mdogo wangu. Alimpapasa simba mmoja, akaniuliza kama anauma. Nikamwambia huyu aliacha zamani, tukapanda ngazi.