Maisha ya Johann Walter, Mwimbishaji wa Torgau

Habari za Dakta Martin Luther tumezisikia mara nyingi, lakini mtu aliyeketi pamoja naye kuzitengeneza nyimbo za kanisa ni wachache wamjuao. Jina lake Johann Walter. Yafaa waalimu na waimbishaji wetu wamjue, maana maisha yake yatufundisha jinsi wimbo wa kanisa upatavyo mwendo wake na sauti yake.

Alizaliwa mwaka 1496 karibu na mji wa Kahla, katika Thüringen, nchi ya Ujerumani. Jina la ukoo wake lilikuwa Blanckenmüller, nao walikuwa maskini. Mwenyeji mmoja wa Kahla akamtwaa awe mwanawe, akampa jina la Walter. Kijana akasoma Leipzig, kisha akaingia katika kundi la waimbaji wa Frederick, mtawala wa Saxony, akiimba sauti ya besi.

Mwaka 1524 kitabu chake cha nyimbo kilipigwa chapa huko Wittenberg. Nyimbo zake zilikuwa 43: za Kijerumani 38 na za Kilatini 5. Luther mwenyewe aliandika dibaji, akitaka vijana wawe na nyimbo njema za kuimba badala ya zile za upuzi na tamaa. Katika nyimbo nyingi Walter aliutia wimbo wenyewe katika sauti ya tena, nazo sauti nyingine zikauzunguka kama watoto wamzungukavyo mama yao.

Humo umo wimbo wa Luther utokao katika Zaburi ya 130, kilio cha mtu aliye vilindini. Ninyi mjuao solfa mtaelewa: wimbo huo haukutua juu ya do, bali juu ya mi. Sauti yaanza kwenye ti, yaanguka mara moja hata mi, kisha yapanda tena. Hivyo aimbaye hushuka shimoni kwa sauti yake kabla hajaomba rehema.

Wala siku zile hapakuwa na chombo cha kupimia mwendo; hicho kilikuja karne ya 19. Mwimbishaji alishusha mkono na kuuinua sawasawa, na mabwana wa muziki walifananisha kipimo hicho na mpigo wa moyo wa mtu aliyetulia. Mwendo haukuwa wa haraka ya kushangaza watu, wala wa kukokota hata maneno yakasahauliwa.

Mwaka 1525 Luther alipotaka kuitengeneza ibada kwa Kijerumani, alimwita Walter na mwenzake Conrad Rupsch waende Wittenberg. Walter akakaa huko kama majuma matatu. Baadaye alishuhudia kwamba Luther mwenyewe aliweka noti juu ya Waraka na juu ya Injili. Kwa Waraka alichagua toni ya nane, itulayo juu ya so, kwa sababu Paulo ni mtume mwenye maneno mazito. Kwa Injili alichagua toni ya sita, itulayo juu ya fa, kwa sababu Kristo ni Bwana mpole na maneno yake ni ya upendo. Tena maneno ya Karama ya Bwana akayapa sauti ya Injili, ili hata sikio la asiyejua kusoma litambue ya kuwa Karama nayo ni Injili.

Lakini mwaka ule ule Frederick alikufa, na ndugu yake aliyemrithi akalivunja kundi la waimbaji. Walter akapoteza kazi na chakula chake. Luther na Melanchthon walimwombea kwa mtawala, lakini kundi la zamani halikurudishwa. Je, uimbaji ungekufa? La. Walter akawa mwalimu wa uimbaji katika shule ya Torgau, akawakusanya wenyeji wa mji, watu wa kazi za kila siku, waimbe pamoja na wanafunzi wake. Kazi iliyolishwa na hazina ya mtawala ikawa kazi ya usharika. Tarehe 5 Oktoba 1544, Luther alipoliweka wakfu kanisa la ngome ya Torgau, Walter alitunga wimbo wa sauti saba kwa siku hiyo.

Mwaka 1548 aliitwa Dresden kuanzisha waimbaji wa mtawala mpya, Moritz. Mwaka 1554 akarudi Torgau kupumzika, na huko akafa mwaka 1570.

Basi, ndugu waimbishaji, ninyi wa Kilosa penye reli na ninyi wa Mikumi penye njia kuu, tutwae fundisho. Kabla hujatoa do, soma maneno ya wimbo. Uulize: Je, ni kilio, ni shukrani, au ni habari njema? Ukiimba toba kwa mwendo wa arusi, wamnyima neno lake yule aliyekuja kanisani na machozi. Na kama kwaya yako haina vinanda wala mfadhili, usikate tamaa. Fundi, mkulima na mtoto wa shule watosha, kama walivyotosha Torgau.