Richardson, aliyekokotoa hali ya hewa kabla ya kompyuta

WAKAZI wa Kashai, mjini Bukoba, hawahitaji kufundishwa uzito wa hali ya hewa. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria kutoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ikijaribu kutua mjini humo hali ya hewa ikiwa mbaya. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki dunia. Ni wachache, hata hivyo, wanaomfahamu Mwingereza aliyeweka msingi wa utabiri unaofanywa leo kwa kompyuta, Lewis Fry Richardson.

Alizaliwa Oktoba 11, 1881, mjini Newcastle, katika familia ya Wakristo wa dhehebu la Marafiki, wanaokataa vita. Baada ya kusoma Cambridge, mwaka 1913 aliajiriwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza. Enzi hizo watabiri walilinganisha ramani za siku hiyo na za zamani. Richardson aliamini kuwa hewa, kama maji, hufuata kanuni za fizikia. Basi anga ikigawanywa katika miraba, mwendo wake waweza kukokotolewa hatua kwa hatua.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto alikataa silaha, lakini mwaka 1916 alikwenda Ufaransa kuendesha gari la majeruhi. Huko alikokotoa kwa mkono mabadiliko ya saa sita tu za Mei 20, 1910. Hesabu hizo zilimchukua kama wiki sita, na jibu likawa kosa kubwa: mgandamizo wa hewa ulionekana kupanda kwa milibari 145, ilhali siku hiyo haukubadilika sana.

Hakulificha kosa hilo. Alilichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1922, akafikiria ukumbi wa watu 64,000 wakikokotoa kwa pamoja. Wakati huo alikwishajiuzulu, kwani mwaka 1920 idara yake iliwekwa chini ya Wizara ya Anga, iliyosimamia pia jeshi la anga. Baadaye aligeukia kutafiti vyanzo vya vita kwa hisabati.

Mwaka 1950, wanasayansi nchini Marekani walifanya utabiri wa kwanza kwa kompyuta. Richardson aliwahi kupata habari hizo kabla ya kufariki dunia Septemba 30, 1953, huko Kilmun, Scotland. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa njia yake ilikuwa sahihi. Takwimu za kuanzia ndizo hazikusawazishwa. Kila utabiri wa kompyuta unaomfikia mvuvi wa Bukoba leo umepita katika njia hiyo hiyo.