Antonio Vivaldi: padre aliyeshindwa kumaliza Misa



Leo naomba tuongee kuhusu mtu ambaye wengi wenu mmeshamsikia bila kumjua. Ile violini inayopigwa harusini wakati bibi harusi anaingia, au ile inayolia kwenye simu ukiambiwa usubiri kidogo, mara nyingi ni kipande cha Majira Manne. Aliyetunga muziki ule aliitwa Antonio Vivaldi, naye alikuwa padre. Ndiyo, padre wetu Mkatoliki, mwenye upadrisho kamili.

Mimi nilimfahamu kwa njia ya ajabu kidogo. Nina pumu tangu utotoni. Nikiwa mwaka wa pili wa falsafa, siku moja ya sikukuu nilipangiwa kushika chetezo. Moshi wa ubani ukanibana kifua, nikashindwa kabisa, nikamkabidhi mwenzangu chetezo na kukimbilia sakristia kabla ya mageuzo. Nikakaa pale na pampu yangu mkononi, nikisikia Misa inaendelea upande wa pili wa ukuta. Nilijiuliza swali moja tu: askofu gani atampa daraja mtu asiyeweza kukaa altareni? Jioni frateri mmoja akanitania, akasema mimi ni Vivaldi mdogo. Sikuelewa. Nikaenda kusoma.

Vivaldi alizaliwa Venice, Italia, tarehe 4 Machi 1678. Alionekana yuko hatarini kufa, hivyo mkunga akambatiza palepale nyumbani siku hiyohiyo. (Mnakumbuka katekisimu, mtu yeyote anaweza kubatiza penye hatari ya kifo? Ndiyo hiyo.) Ibada zilizobaki zilikamilishwa kanisani miezi miwili baadaye. Baba yake, Giovanni Battista, alikuwa kinyozi aliyegeuka mpiga violini katika Kanisa la Mtakatifu Marko, na ndiye anayeaminika kumfundisha mwanaye.

Akiwa na miaka 15 Antonio aliingizwa katika ukleri, na tarehe 23 Machi 1703 akapewa upadre, akiwa na miaka 25. Watu wakamwita Padre Mwekundu kwa sababu ya rangi ya nywele zake. Mwaka huohuo akaanza kufundisha violini katika nyumba iitwayo Ospedale della Pietà.

Hapa naomba tusimame kidogo. Pietà ilikuwa nyumba ya kulelea watoto waliotupwa. Mizizi yake ni ya karne ya 14, kazi ya ndugu mmoja Mfransisko. Mama aliyeshindwa kulea, kwa umaskini au kwa aibu, alimwacha mtoto kwenye tundu lililojengwa ukutani. Wavulana walipokua walifundishwa ufundi na kuondoka. Wasichana walibaki, na wale wenye kipaji walifundishwa muziki kwelikweli: kuimba, violini, cello, filimbi, kinanda. Wengi hawakuwa na jina la ukoo, kwa hiyo walijulikana kwa kazi yao. Maarufu kuliko wote aliitwa Anna Maria wa Violini, na Vivaldi alimtungia konserto nyingi.

Jumapili na sikukuu wasichana hao walipiga na kuimba kanisani, wamekaa kwenye roshani nyuma ya wavu wa chuma, hawaonekani vizuri. Wageni walitoka nchi za mbali za Ulaya kuja kuwasikiliza tu. Yaani watoto ambao hakuna aliyewataka wakawa mojawapo ya vikundi bora vya muziki Ulaya nzima! Sadaka za wasikilizaji zikasaidia kuilisha nyumba. Mwaka 1716 walipiga oratorio yake kuhusu Yudithi, yule mjane wa Biblia aliyemshinda Holoferne, na sehemu zote, hata za wanaume, ziliimbwa na wasichana. Wimbo wake maarufu wa Utukufu, ambao kwaya nyingi duniani bado zinauimba, inaaminika nao aliutunga kwa ajili yao.

Lakini kuna jambo lililonigusa zaidi. Baada ya mwaka mmoja hivi wa upadre, au zaidi kidogo, Vivaldi aliacha kuadhimisha Misa. Mwenyewe alieleza katika barua ya mwaka 1737 kwamba mara tatu ilimbidi aondoke altareni bila kumaliza, kwa sababu ya kubanwa kifua tangu kuzaliwa. Wengi leo wanadhani ilikuwa pumu. Alisema hata kutembea kwa miguu hakuweza, alitumia mtumbwi au gari la farasi.

Watu hawakumwamini wote. Kuna hadithi kwamba alikimbilia sakristia kuandika wimbo uliomjia kichwani katikati ya Misa. Ni hadithi tu. Lakini swali la haki lipo: mtu anayebanwa kifua hivyo aliwezaje kusafiri miji mingi, kusimamia opera, kupiga violini kwa kasi ile? Tena alikuwa akifuatana na mwimbaji aitwaye Anna Girò pamoja na dada yake, na maneno yakawa mengi. Yeye alikana kabisa kuwa na uhusiano mbaya naye. Mwaka 1737 Kardinali Ruffo alimkataza kuingia Ferrara kuendesha opera, kwa sababu hizo mbili: padre asiyesoma Misa, na urafiki na mwimbaji. Kazi ikaharibika, na pesa pia.

Mimi siwezi kumtangaza mtakatifu. Alipenda pesa na sifa, hilo liko wazi. Je, kifua kilikuwa sababu ya kweli au kisingizio? Labda vyote viwili. Sisi tuliosoma falsafa tunapenda jibu moja lililonyooka, lakini moyo wa mtu hauko hivyo. Nami nikiwa mkweli, kuna siku nimetumia pumu kukwepa zamu ya kulima bustani. Kwa hiyo nani nimrushie jiwe?

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Venice ilichoka na muziki wake. Akaenda Vienna, pengine akimtumainia Kaisari Karoli wa Sita aliyempenda, lakini Kaisari akafariki Oktoba 1740. Vivaldi naye akafa huko Julai 1741, akiwa na miaka 63, maskini. Mazishi yalikuwa ya gharama ndogo, kwenye makaburi ya hospitali, na kaburi lake leo halionekani. Kwa karibu miaka 200 alisahaulika.

Sasa sikilizeni jinsi alivyorudi. Mwaka 1926 Wasalesiani wa Don Bosco, wenye shule katika mji mdogo wa Borgo San Martino, walitaka kuuza vitabu vya zamani vya muziki, wakaomba maktaba ya Turin ivikadirie. Profesa Alberto Gentili akafungua, kumbe mle kuna vitabu 14 vya Vivaldi, vilivyoandikwa kwa mkono! Maktaba haikuwa na pesa. Akajitokeza Roberto Foà, aliyefiwa na mwanaye mchanga aitwaye Mauro. Akanunua na kutoa zawadi kwa jina la mtoto. Gentili akagundua kwamba ni nusu tu ya mkusanyiko. Nusu ya pili ilipopatikana Genoa, alinunua Filippo Giordano, naye kwa kumkumbuka mtoto wake Renzo aliyefariki. Mpaka leo mikusanyiko hiyo ina majina ya watoto hao wawili.

Mwaka 1939 muziki huo ukapigwa kwenye wiki maalumu mjini Siena. Mwishoni mwa 1947 Louis Kaufman akarekodi Majira Manne kule New York. Kisha wakaja I Musici, vijana 12 wa Roma waliopiga bila kiongozi wa kusimama mbele. Rekodi yao ya miaka ya 1950, na Felix Ayo kwenye violini, iliingia nyumba nyingi sana duniani. Naisikiliza kwenye simu nikishindwa kulala.

Fikirieni: padre aliyeshindwa kumaliza Misa tatu alifundisha watoto waliotupwa, na muziki wake ukaokolewa kwa majina ya watoto waliokufa. Sidai kwamba hiyo inafuta makosa yake, wala kwamba violini ni badala ya Ekaristi. Hakuna kinachochukua nafasi ya Ekaristi. Ila nimejifunza kwamba Mungu hatupi kilichobaki mkononi mwa mtu.

Kuhusu mimi, nilimweleza mlezi wangu wa kiroho kila kitu, pamoja na ile ya bustani. Tukacheka. Mwaka huu naanza teolojia, pumu bado ipo, na sijui askofu ataamua nini. Kwa sasa Jumamosi nawafundisha kinanda watoto wa kituo kilicho jirani na seminari. Watatu wameshanipita kwa kasi ya vidole.

Swali la wiki: ni kitu gani umeshindwa, na nini kimebaki mkononi mwako? Mpe Bwana hicho kilichobaki.

Tusali: Ee Yesu Mwema, wapokee wote walioshindwa kumaliza walichoanza. Mpumzishe mtumishi wako Antonio kwa amani, na utufundishe kutumika kwa pumzi tuliyo nayo. Amina.

Tuombeane.