Sir Peter Mackie na Moshi wa Islay

Aliyewahi kusoma historia ya Bunyoro au ya Ankole hakosi kukutana na vitabu vya Kasisi John Roscoe vilivyotoka Cambridge mwaka 1923 na 1924: kimoja juu ya Wanyoro, kimoja juu ya Wanyankole, na cha tatu juu ya Wagisu na jirani zao. Mwanzoni mwa vitabu hivyo imeandikwa kwamba ni taarifa ya Msafara wa Mackie. Wengi wetu tulipita hapo upesi tukitafuta majibu ya mtihani, wala hatukuuliza huyo Mackie alikuwa nani. Hakuwa mtaalamu wa mila, wala mmisionari, wala gavana. Alikuwa mfanyabiashara wa wiski wa Uskoti, na fedha iliyomleta Roscoe Uganda mwaka 1919 ilitokana na chupa zenye picha ya farasi mweupe.

Maisha ya mtu huyu yafaa kusimuliwa. Na kwa wadogo zetu walio bado madarasani, pamoja na mwalimu wao wa zamu, niseme mapema kwamba nitaeleza ufundi na tabia ya mtu. Simwaliki yeyote kunywa.

Peter Jeffrey Mackie alizaliwa mwaka 1855 karibu na mji wa Stirling. Mwaka 1878 aliingia katika biashara ya ami yake, James Logan Mackie, ambaye alikuwa na sehemu katika kiwanda cha Lagavulin, kwenye kisiwa cha Islay, magharibi ya Uskoti. Ami hakumweka mezani kuandika barua. Alimpeleka kisiwani ajifunze kazi tangu chini, na huko ndiko kijana alikokutana na moshi.

Hapana budi kueleza moshi huo, maana bila yake habari hii haieleweki. Wiski ya kimea hutengenezwa kwa shayiri. Shayiri hulowekwa na kuachwa iote kidogo, jambo ambalo mama zetu wapikao pombe ya ulezi hawahitaji kufundishwa. Kisha kimea hukaushwa juu ya tanuri ili kisiendelee kuota. Islay ni kisiwa chenye miti michache, lakini kina tele udongo mweusi wa kinamasi, uliotokana na majani na mizizi iliyooza kwa maelfu ya miaka. Watu huukata vipande kama matofali, huuanika, na kuutumia kama kuni. Moshi wake ni mzito na hunata kwenye kimea. Kimea husagwa na kutiwa maji ya moto, maji yake matamu huchachushwa kwa hamira, na pombe ile hukenekwa mara mbili katika vyungu vikubwa vya shaba: huchemshwa, na mvuke wake hupozwa ukarudi kuwa maji makali. Aliyeona gongo au waragi ikipikwa ameona jambo lenyewe. Kisha kinywaji hulazwa miaka mingi katika mapipa ya mwaloni. La ajabu ni kwamba baada ya maji, moto, shaba na miaka yote hiyo, moshi ule bado umo.

Wengine wakiunusa mara ya kwanza husema unanuka dawa ya hospitali, au lami, au kamba za mashua zilizolowa maji ya bahari. Wengine hukumbuka samaki wa kubanika. Mimi naona watu wetu wana njia ya karibu zaidi ya kuuelewa. Mnyankole hufukiza chombo cha maziwa kwa moshi wa nyasi kabla ya kukamulia, na mtu wa pwani hufukiza mtungi wa maji kwa ubani. Wote wawili wanajua kwamba moshi ukipimwa vizuri ni kiungo, na ukizidi ni uharibifu.

Kupima huko ndiko kulikomtajirisha Mackie. Tangu Aeneas Coffey alipopata hataza ya mtambo wake mwaka 1830, ilikuwa rahisi kukeneka wiski nyepesi ya nafaka kwa wingi na kwa bei ndogo. Mwaka 1860 sheria iliruhusu wiski za aina mbalimbali zichanganywe kabla ya kulipiwa ushuru, na hapo ikazaliwa kazi mpya, ya mchanganyaji. Mtu huyu hanywi kazini. Hunusa. Humimina kidogo katika bilauri iliyofinywa mdomoni, huongeza maji mpaka ukali ushuke kufikia kama asilimia 20 ya alkoholi, kisha huinamisha pua, huondoka, hurudi. Zenye moshi huziacha mwisho, kwa sababu zikitangulia pua huchoka na nyingine zote huonekana kama maji. Wiski ya Lagavulin peke yake, siku zile, ilikuwa kali mno kwa mteja wa London. Ikitiwa kidogo katikati ya wiski laini, hufanya kazi ya karafuu katika pilau: mlaji haioni, lakini ikikosekana atauliza kulikoni.

Mwaka 1890, akiwa sasa ndiye mwenye kampuni, Mackie alitoa mchanganyiko wake na kuuita White Horse, yaani Farasi Mweupe. Jina alilitoa kwenye nyumba ya wageni ya zamani mjini Edinburgh, ambako magari ya farasi yaliondokea kwenda London, safari ya siku nane. Ndani ya mchanganyiko huo Lagavulin ilikuwa ndiyo nguzo. Kaskazini alishiriki kujenga kiwanda kingine, Craigellachie, ili apate wiski ya kimea ya namna nyingine. White Horse ina wiski ya nafaka pia, kwa hiyo isichanganywe na zile michanganyiko za kimea kitupu kutoka viwanda mbalimbali, ambazo sheria ya mwaka 2009 imezipa jina lake rasmi. Kati ya hizo, zenye moshi wa Islay zina wapenzi wengi leo. Zama za Mackie ni wachache ambao wangethubutu kuuza moshi mtupu.

Watu walimjua kama mtu asiyetulia. Alipinga kwa nguvu uuzaji wa wiski changa na kutaka sheria ya umri. Sheria hiyo ilikuja mwaka 1915 wakati wa vita, kwanza miaka miwili, halafu mitatu. Lloyd George alipopandisha ushuru mwaka 1909 kutoka shilingi 11 kwa galoni hadi shilingi 14 na senti 9 za Kiingereza, Mackie alimshambulia hadharani bila kumumunya maneno. Aliandika kitabu cha kuwafunza walinzi wa mashamba ya kuwindia. Akatengeneza na unga maalum, alioamini kuwa hujenga ubongo, mifupa na misuli, na wafanyakazi wake wakalazimika kuutumia majumbani mwao. Tuliokula uji wa bwenini twaweza kuwahurumia.

Lakini jambo linalomwonyesha waziwazi kuliko yote ni ugomvi wake na jirani. Kama kilomita mbili kutoka Lagavulin, kwenye pwani ileile ya kusini, kipo kiwanda cha Laphroaig. Moshi wake ni mwingine: una harufu ya dawa na mwani zaidi, na hauna utamu ule wa Lagavulin. Kwa miaka mingi kampuni ya Mackie ilikuwa wakala wa kuuza wiski ya Laphroaig, na yeye aliihitaji katika michanganyiko yake. Mwaka 1907 wenye Laphroaig walivunja uwakala huo. Mackie alikwenda mahakamani, akashindwa. Kwa hasira aliamuru watu wake wazibe kwa mawe mkondo wa maji uliokuwa ukienda kwa jirani. Kiwanda cha wiski bila maji ni ghala tu. Laphroaig nao walishtaki, na mahakama ikaamuru maji yafunguliwe.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mackie aliamua kwamba kama hauziwi Laphroaig, ataitengeneza mwenyewe. Mwaka 1908, ndani ya ua wa Lagavulin, alijenga kiwanda kidogo akakiita Malt Mill. Vyungu vyake vya shaba viliigwa umbo la vile vya Laphroaig. Kimea kilikaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi peke yake. Hata fundi mkuu wa kupika alimvuta kutoka kwa jirani. Kila kitu kinachoweza kununuliwa kilinunuliwa, na kila kinachoweza kupimwa kwa futi kikapimwa.

Ikatoka wiski nzuri yenye moshi mwingi. Haikuwa Laphroaig.

Wataalamu wameeleza sababu nyingi: maji, udongo unaochomwa umekatwa wapi, pembe ya shingo ya chungu, ubaridi wa ghala, hata viumbe vidogo vya hamira vilivyozoea jengo moja. Naamini kila sababu ina chembe ya kweli, lakini hakuna iliyomsaidia Mackie. Alikuwa na pua ya kutosha kujua tofauti ilipo, na mali ya kutosha kujaribu kuiziba, na bado hakuweza. Hakukifunga kiwanda kwa kuona haya. Wiski ya Malt Mill iliingia katika michanganyiko yake mwaka baada ya mwaka, akaendelea na kazi.

Pigo kubwa lilikuja kutoka kwingine. Mwanawe wa pekee, James Logan Mackie, aliuawa vitani huko Palestina mwaka 1917. Miaka miwili baadaye baba alitoa fedha za msafara wa Roscoe, uliopigiwa debe na mwanachuoni James Frazer na kusimamiwa na Royal Society. Sitaki kudai kwamba jambo moja lilizaa lingine. Naweka miaka tu ilivyofuatana. Mwaka 1920 alipewa cheo cha kurithiwa, akawa Sir Peter, na warithi hakuwa nao.

Mwaka huohuo alinunua kiwanda cha Hazelburn, katika mji wa Campbeltown, ambako kijana Mjapani, Masataka Taketsuru, alikuwa akijifunza na kuandika kila alichokiona. Taketsuru alirudi kwao akajenga kiwanda cha kwanza cha wiski ya kimea cha Japani, Yamazaki, kwa ajili ya kampuni ambayo baadaye iliitwa Suntory. Kampuni hiyohiyo ndiyo inayomiliki Laphroaig tangu mwaka 2014. Sir Peter angelisikia hilo, nadhani angelitafuta mawe mengine ya kuzibia mto.

Alifariki tarehe 22 Septemba 1924 akiwa na miaka 68, na cheo chake kikafa pamoja naye. Kampuni ilibadilishwa jina ikawa White Horse Distillers, na mwaka 1927 ikamezwa na kampuni kubwa ya Distillers. Malt Mill iliendelea kukeneka hadi mwaka 1962. Vyungu vyake vikahamishiwa jengo la Lagavulin, vikatumika humo miaka michache zaidi, kisha vikaondolewa. Leo jengo lake ni mahali pa kupokelea wageni wanaokuja kuonja.

Humo, ndani ya kabati, imehifadhiwa chupa ndogo ya maji makali yaliyotoka siku za mwisho za Malt Mill. Ni meupe kama maji ya kisima, kwa maana hayakuwahi kulazwa katika pipa. Kwa sheria ileile ya umri aliyoipigania Sir Peter, hayawezi kuitwa wiski.