Subrata Mitra

Subrata Mitra (12 Oktoba 1930 – 7 Desemba 2001) alikuwa mpiga picha za filamu kutoka nchini Uhindi. Anafahamika hasa kwa filamu alizopiga pamoja na mwongozaji Satyajit Ray, na kwa kutumia mwanga laini wa kuakisiwa ndani ya studio.

Maisha ya awali

Mitra alizaliwa katika familia ya Kibengali mjini Kolkata, ambao wakati huo uliitwa Calcutta. Tangu utotoni alipenda sana sinema, na alipokuwa chuoni akisomea sayansi alitamani kuwa msanifu majengo au mpiga picha za filamu.

Mwongozaji Mfaransa Jean Renoir alipofika Bengali kutengeneza filamu ya The River (1951), Mitra aliomba kazi katika kitengo cha kamera akakosa. Hata hivyo aliruhusiwa kutazama. Kila siku aliandika na kuchora mahali taa zilipowekwa, kamera iliposimama na waigizaji walipopita. Mpiga picha wa filamu hiyo, Claude Renoir, alifikia hatua ya kuyatumia maelezo hayo ili kuhakikisha mwanga unalingana kati ya picha moja na nyingine. Hapo ndipo Mitra alipofahamiana na Satyajit Ray, aliyekuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo.

Kazi na Satyajit Ray

Mwaka 1952 Ray alianza kupiga Pather Panchali na akamkabidhi Mitra kamera, ingawa kijana huyo hakuwahi kupiga filamu yoyote. Kazi ilisimama mara kwa mara kwa kukosa fedha, na filamu ilionyeshwa mwaka 1955. Sehemu kubwa ilipigwa nje ya studio, kwa mwanga wa jua.

Mtihani mkubwa ulikuja katika Aparajito (1956). Sehemu ya hadithi hiyo inatokea Varanasi, katika nyumba yenye ua wa ndani ulio wazi juu. Mwanga wa ua kama huo hushuka kutoka angani na kusambaa pande zote, hivyo vivuli vyake ni hafifu. Kwa kuhofia mvua za masika, mbunifu wa seti Bansi Chandragupta alitaka nyumba hiyo ijengwe ndani ya studio mjini Kolkata. Mitra alipinga, kwani aliamini kwamba taa za studio zisingeweza kuiga mwanga wa namna hiyo. Hoja yake haikukubaliwa, na seti ikajengwa.

Tatizo lilikuwa aina ya mwanga, si wingi wake. Chanzo kidogo, kama taa ya studio au jua lisilo na mawingu, hutoa mwanga mkali wenye vivuli vyeusi na kingo zinazoonekana wazi. Chanzo kipana, kama anga lenye mawingu, hutoa mwanga laini ambao vivuli vyake hufifia polepole. Taa kadhaa zikielekezwa kwa mwigizaji mmoja humpa vivuli kadhaa, jambo ambalo halitokei uani mchana.

Mitra alitanda kitambaa cheupe juu ya seti mahali pa anga, kisha akaelekeza taa juu kutoka chini. Mwanga uligonga kitambaa na kurudi ukiwa umesambaa, kana kwamba unatoka angani. Watazamaji wengi hawakutambua kwamba ua ule ulikuwa ndani ya studio. Aparajito ilipata tuzo ya Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka 1957, na mwanga wa kuakisiwa baadaye ukawa mbinu ya kawaida duniani.

Mitra alipiga pia Jalsaghar (1958), Apur Sansar (1959), Kanchenjungha (1962) na Charulata (1964). Katika miaka hiyo Ray alianza kuendesha kamera mwenyewe, na baada ya Nayak (1966) hawakufanya filamu nyingine pamoja.

Miaka ya baadaye

Mitra alifanya kazi pia na mwongozaji Mmarekani James Ivory katika filamu nne, zikiwemo Shakespeare Wallah (1965) na Bombay Talkie (1970). Kwa filamu ya New Delhi Times (1986) alipata Tuzo ya Taifa ya Filamu ya upigaji picha bora. Kuanzia mwaka 1997 alifundisha katika chuo cha filamu na televisheni cha Kolkata chenye jina la Satyajit Ray, hadi alipofariki akiwa na umri wa miaka 71.